Vifaranga Dhaifu Baada ya Kutotolewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya vifaranga wa kuku waliototolewa kwa mashine, tangu wanapotoka kwenye ganda hadi mwisho wa wiki ya kwanza. Bata wana jibu lao mwishoni. Kama una kifaranga wa baridi mkononi sasa hivi, ruka hadi swali la 5, mengine utayasoma akishapata joto.

## Ni mchovu au ni dhaifu?

1. Kifaranga ametoka kwenye ganda lakini amelala tu, hasimami. Ni mgonjwa?

Mara nyingi ni mchovu tu. Kutoka tundu la kwanza kwenye ganda hadi kujitoa kabisa huchukua saa 12 hadi 24, na kazi hiyo anaifanya kwa shingo na miguu. Akishatoka hulala kifudifudi, manyoya yamelowa, shingo imelala kama haina mfupa. Anafurukuta kidogo, anazimia usingizi, anafurukuta tena. Misuli ya kisogoni aliyoitumia kuvunjia ganda bado imevimba, ndiyo maana kichwa kinamlemea.

Mpe saa 6 bila kumgusa. Anza kuwa na mashaka ikiwa saa 12 zimepita na hajasimama, au wenzake waliotoka saa ile ile wameshakauka na wanatembea. Usimhukumu kwa kumtazama mara moja. Chungulia kila baada ya saa mbili: anayeinua kichwa kwa muda mrefu zaidi kila mara anapata nguvu, na anayelia kwa sauti inayozidi kufifia anahitaji msaada.

2. Akae kwenye mashine kwa muda gani?

Mpaka manyoya yakauke na kufura, kwa kawaida saa 12 hadi 24. Kiini cha yai alichokivuta tumboni kabla ya kutoka humtunza kwa siku mbili hadi tatu, kwa hiyo hafi njaa mle ndani. Lakini hesabu hiyo ni ya kifaranga mwenye nguvu. Mnyonge asipitishe saa 24, kwa sababu joto la mashine linamkausha.

Usifungue mfuniko kumtoa mmoja mmoja. Kila ukifungua, unyevu unashuka, na utando wa mayai yaliyokwisha kutobolewa unakauka na kuwabana waliomo. Toa waliokauka kwa mkupuo mmoja. Wa kutolewa papo hapo ni aliyetumbukia kwenye maji ya unyevu au aliyenasa mguu kwenye wavu.

3. Nitatambuaje udhaifu wa kweli?

Mlaze chali. Kifaranga mzima hujigeuza ndani ya sekunde 3 hivi. Anayepigapiga miguu bila kufaulu, au anayetulia chali kama alivyowekwa, ni dhaifu.

Kisha mkague. Macho yawe wazi na ya mviringo. Kitovu kiwe kimefunga na kukauka. Tumbo liwe laini, lisiwe limejaa kama puto. Ngozi ya miguu iwe nyororo na yenye kung'aa. Ikisinyaa na mishipa ya damu kujichora juu yake, amepungukiwa maji. Uzito wake ni takriban theluthi mbili ya uzito wa yai, yaani yai la gramu 60 hutoa kifaranga wa gramu 40 hivi. Udogo peke yake si ugonjwa: yai dogo hutoa kifaranga mdogo.

4. Nianze na joto, maji au chakula?

Joto, halafu maji, halafu chakula. Katika siku za mwanzo kifaranga hawezi kulinda joto la mwili wake, na akipoa mfumo wa kusaga chakula nao unalala. Ukimlisha akiwa baridi, chakula hukaa kwenye kifuko cha shingoni na kuchacha, au kinaingia kwenye njia ya hewa kwa sababu hana nguvu ya kumeza. Wengi wanaokufa mikononi mwa watu wenye nia njema hufa kwa kulishwa mapema.

## Joto

5. Amepoa, miguu yake ni baridi na hajitikisi. Nimpasheje joto?

Gusisha nyayo zake kwenye shavu lako. Vidole vya mkono hudanganya, shavu halidanganyi. Zikiwa baridi, fanya hivi:

1. Mkaushe kwa kitambaa kikavu bila kumsugua.
2. Mshike katikati ya viganja viwili, kichwa kikiwa nje, huku mashine au bruda (boksi lenye joto la kulelea vifaranga) inapata joto.
3. Mrudishe kwenye mashine, au mweke mahali penye nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi. Usimpeleke chini ya taa kali kwa kishindo, wala usimkaushe kwa mashine ya nywele karibu na ngozi.
4. Subiri dakika 30 hadi 60. Akianza kulia kwa nguvu na nyayo zikiwa vuguvugu, nenda swali la 8.

Usimkatie tamaa haraka. Kifaranga aliyepoa anaweza kuonekana amekufa huku moyo bado unapiga. Tazama kifua chake kwa dakika nzima kabla ya kuamua.

6. Bruda iwe na joto kiasi gani?

Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35. Kwa wanyonge anza na 35. Baada ya hapo punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kipimajoto kiwe kimo cha mgongo wa kifaranga, sentimita 5 juu ya matandiko. Kikining'inizwa juu kinapima hewa ambayo hakuna kifaranga anayeishi ndani yake.

Joto liwe upande mmoja, upande mwingine uwe wa kupumulia. Kifaranga dhaifu aliyewekwa katikati ya taa bila pa kukimbilia huungua polepole na kukauka. Wakijikunyata na kupandana chini ya taa, wanaona baridi. Wakitanua mabawa, wakitweta na kujibanza ukutani, joto limezidi. Wakitawanyika na kulala huku na huku, usiguse kitu.

7. Umeme umekatika. Nifanye nini?

Jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo mpaka ukiishika mkononi uhisi joto bila kuungua, iweke kwenye boksi dogo pamoja na vifaranga, kisha funika boksi kwa blanketi ukiacha pa kupitisha hewa. Badilisha maji yakianza kuwa vuguvugu. Boksi dogo ni bora kuliko kubwa, kwa kuwa joto lao wenyewe linabaki humo. Mkaa au kuni ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwao na kwako, kwa sababu ya gesi isiyo na harufu.

## Maji na chakula

8. Nimnyweshe maji vipi bila kumpalia?

Usimfungue mdomo na kumpulizia maji kwa sirinji. Mlango wa njia ya hewa uko pale pale nyuma ya ulimi, na tone moja likiingia humo linamletea nimonia.

Maji yawe vuguvugu. Mshike akiwa wima, kifua kimelala kwenye kiganja. Kwa dropa au ncha ya kidole, ning'iniza tone moja ubavuni mwa mdomo, karibu na ncha. Tone litajivuta lenyewe kwenye ufa wa mdomo, utaona akimung'unya na kuinua kichwa, na koo litacheza mara moja. Subiri koo litulie ndipo utoe jingine. Matone matatu hadi matano yanatosha kwa mara moja. Rudia kila saa moja au mbili mpaka anywe mwenyewe. Asiyemeza hata tone la kwanza bado ni baridi: rudi swali la 5.

Akiweza kusimama, mchovye ncha ya mdomo kwenye chombo mara mbili tatu, tundu za pua zibaki juu ya maji. Chombo kisizidi kina cha sentimita 1, na ujaze kokoto safi ndani yake. Kifaranga mnyonge huzama kwenye maji ambayo mwenzake anayatembelea.

9. Niweke sukari, glukosi au vitamini?

Sukari ya kawaida au glukosi inasaidia kwa siku ya kwanza: kijiko kimoja cha chai katika mililita 250 za maji vuguvugu. Tumia kwa saa 12 hadi 24 kisha acha. Maji ya sukari yakiendelea huleta kuhara, kuganda kwa kinyesi (swali la 15) na fangasi kwenye mfumo wa chakula. Yachacha haraka kwenye joto la bruda, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya saa chache.

Vitamini mchanganyiko za kuyeyusha kwenye maji, hasa zenye kundi B na E, zinafaa siku 3 hadi 5 kwa kipimo cha pakiti. Usiongeze chumvi kwa kukisia. Figo za kifaranga hazihimili chumvi nyingi.

10. Hataki kula. Nimpe nini?

Kama hajafikisha saa 48 tangu atoke na anakunywa, usiwe na haraka, kiini bado kinamlisha. Baadaye mpe kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa na kulainishwa kwa maji kidogo. Paka chembe yake kwenye ncha ya mdomo naye atailamba. Yai ni la kumwamsha tu. Chakula chake ni kile cha vifaranga cha kuanzia, chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, kilichosagwa laini. Kitandaze kwenye karatasi ngumu au kifuniko bapa, ugonge kwa ncha ya kidole kama mama anavyodonoa. Ule mlio, ta-ta-ta, ndio unaomvuta, maana bado hajui kwamba vile vijivumbi ni chakula.

Jioni papasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini kama unga uliolowekwa, amekula na kunywa. Kigumu: amekula bila maji. Kitupu: wenzake wanamsukuma (swali la 18).

## Miguu, kitovu na mengineyo

11. Anapiga msamba, miguu imetanuka kushoto na kulia. Inatibika?

Ndiyo, na ndiyo kasoro inayotibika kirahisi kuliko zote, mradi uanze ndani ya siku mbili tatu za kwanza, mifupa na kano zikiwa bado laini. Sababu kubwa ni sakafu inayoteleza: karatasi ya gazeti, plastiki, trei laini ya mashine.

Kata ukanda wa plasta ya kitambaa wenye upana wa nusu sentimita na urefu wa sentimita 10. Zungusha ncha moja kwenye mguu mmoja, chini ya kifundo na juu ya vidole, ncha nyingine kwenye mguu wa pili, kisha gandisha sehemu ya katikati iwe daraja. Miguu ikae chini ya mwili kwa nafasi ya kawaida ya kusimama, sentimita 2 hadi 2.5. Usibane, vidole vikibadilika rangi au kuvimba, legeza. Mara ya kwanza ataanguka kifudifudi na kulalamika sana. Mpe taulo lenye vinyweleo la kushikia kucha, na msimamie wakati wa kunywa maji. Fungua kila siku, angalia, funga upya kwa sababu anakua. Siku 3 hadi 5 kwa kawaida zinatosha.

12. Vidole vimejikunja kama ngumi. Nifanyeje?

Kata kipande cha kadibodi nyembamba kama unyayo, vitandaze vidole juu yake vikiwa vimenyooka, vigandishe kwa plasta juu na chini. Kiatu hicho akivae siku moja hadi tatu. Huku ukifanya hivyo mpe vitamini za kundi B, kwani upungufu wa B2 ndio chanzo cha kawaida. Wakiwa wengi wa namna hii, lawama iko kwenye chakula cha kuku wazazi au joto la mashine (swali la 19).

13. Kifundo kimevimba na mguu mmoja umegeukia pembeni. Ni jambo lile lile?

Hapana. Huyu kano ya nyuma ya kifundo imechomoka kwenye mfereji wake, mara nyingi kwa upungufu wa manganizi, kolini au baadhi ya vitamini. Anachutama kwa kifundo na mguu haunyooki. Siku ya kwanza mtu mwenye ujuzi anaweza kuirudisha kwa kidole na kuifunga. Baada ya siku chache ni vigumu sana. Plasta ya swali la 11 haimsaidii.

14. Kitovu kina unyevu, au kipande cha kiini kimebaki nje. Nikikate?

Usikate wala usivute. Uzi mkavu kitovuni huanguka wenyewe. Ukiuvuta unaweza kutoa na utumbo.

Kiini kikiwa bado nje, mweke kwenye kikombe kidogo kilichotandikwa karatasi laini yenye unyevunyevu, akae amejikunja kama alivyokuwa ndani ya yai, umrudishe kwenye mashine yenye unyevu wa juu. Kiasi kidogo huingia ndani kwa saa chache hadi siku nzima. Kikipasuka, hapo matumaini ni madogo.

Kitovu kilicho wazi kidogo kipake iodini ya povidoni kwa pamba, mweke kwenye kitambaa kisafi na mtenge ili asidonolewe. Kitovu chenye maji, chekundu, chenye harufu mbaya, pamoja na tumbo lililovimba, ni maambukizi ya kitovu. Wengi wa hao hufa ndani ya wiki ya kwanza hata wakitibiwa, na chanzo karibu kila mara ni mayai machafu au mashine isiyosafishwa.

15. Kinyesi kimegandia nyuma. Nikibandue?

Kibandue kwa kukilainisha. Kikiziba njia ya haja anakufa. Shikilia pamba yenye maji vuguvugu juu yake kwa dakika mbili tatu mpaka kilainike, kifute kuelekea nje, mkaushe kabisa, kisha paka mafuta ya kujipaka kidogo sana. Ukikibandua kikiwa kikavu, unachuna ngozi na manyoya. Njia ya haja iko chini ya mkia. Kigaga cha tumboni ni kitovu, kiache. Mkague mara mbili kwa siku, na usahihishe joto na maji ya sukari, maana ndiyo yanayoleta shida hii.

16. Shingo imepinda au kichwa kimeangukia mgongoni, anatazama juu. Ni kideri (ugonjwa wa Newcastle)?

Kwa kifaranga wa siku chache, kwanza fikiria upungufu wa vitamini B1 au E, au kuumia wakati wa kutoka. Mpe vitamini mchanganyiko, mnyweshe kwa mkono (swali la 8) kwa sababu mdomo haufiki kwenye chombo, na mpe siku kadhaa. Jihadhari na dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) iitwayo amproliamu: inafanya kazi kwa kuzuia B1, kwa hiyo isitumike kwa huyu kwa sasa. Kinyume chake, shingo kupinda kwa wengi kwa pamoja, pamoja na kukoroma na kuhara, ni jambo la daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

17. Anahema mdomo ukiwa wazi. Kwa nini?

Angalia joto kwanza. Likiwa sawa naye anaendelea, aidha alipaliwa maji, au amevuta vimelea vya ukungu kutoka matandiko au mayai yenye ukungu. Nimonia ya ukungu haina tiba ya maana kwa kifaranga. Tupa matandiko yote, safisha, uokoe waliobaki.

## Uamuzi mgumu

18. Nimtenge na wenzake?

Mtenge asidonolewe wala kukanyagwa, lakini asiwe mpweke. Kifaranga peke yake hulia mpaka nguvu zimwishie. Gawa bruda kwa wavu ili awaone na kuwasikia, au mpe mwenzake mmoja mpole. Mrudishe anapokula, kunywa na kukimbia bila msaada, na kaa naye dakika 20 za kwanza.

Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika na usimbusu. Kifaranga anayeonekana safi anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi.

19. Nimepata wanyonge wengi kwa mpigo. Kosa liko wapi?

Soma tarehe na kitovu. Wakitoka siku ya 19 au 20, wadogo, vitovu havijafunga vizuri, joto lilikuwa juu. Wakitoka siku ya 22 au 23, wazito, tumbo kubwa laini, wazembe, joto lilikuwa chini. Waliovimba na kunata ute walipata unyevu mwingi: hadi siku ya 18 yai linapaswa kuwa limepoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake, na mizani ya jikoni itakuonyesha. Waliogandamana na utando walikosa unyevu siku tatu za mwisho. Mayai yaliyokaa zaidi ya siku 7 hadi 10 kabla ya kuatamishwa hutoa wanyonge pia.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, pima vipimo vyenyewe. Kipimajoto kinachovumilia maji kikichovywa kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kisome 0. Kipimaunyevu kifungie kwenye mfuko pamoja na kifuniko chenye chumvi iliyoloweshwa kidogo, bila kugusana, kwa saa 12. Kisome asilimia 75. Tofauti utakayoiona ndiyo ya kuongeza au kupunguza. Shida nyingi za mashine huishia hapa.

20. Nimsaidie aliyekwama kwenye ganda? Nitumie antibiotiki?

Kusaidia: kama saa 24 zimepita tangu tundu la nje na hakuna hatua. Lowesha utando kwa pamba ya maji vuguvugu, bandua ganda kipande kwa kipande upande wa juu tu. Ukiona mishipa yenye damu, acha, mrudishe, ujaribu tena baada ya saa kadhaa. Nusu ya chini mwachie aisukume mwenyewe, kwa kuwa kiini kinaweza kuwa hakijaingia.

Antibiotiki: si kwa kubahatisha. Baridi, kiu na vidole vilivyokunjika havitibiwi nazo. Wakifa wengi siku ya 3 hadi ya 7 wakiwa na kuhara kweupe au vitovu vibichi, peleka mizoga mipya, iliyopozwa bila kugandishwa, kwa daktari wa mifugo. Kuhara kweupe kunaweza kuwa pulorumu (ugonjwa wa bakteria), na waliopona hubaki na vimelea na kuvipitisha kwenye mayai yao, kwa hiyo wasiwe wazazi.

Asiyeweza kusimama, kumeza wala kuinua kichwa baada ya saa 48 za joto na maji anateseka. Kumkatisha maisha kufanywe haraka na anayejua kuvunja shingo kwa mpigo mmoja. Usimzamishe majini wala kumtia kwenye friza.

21. Majibu haya yanafaa kwa bata?

Kwa joto, unyweshaji na msamba, ndiyo. Lakini bata wadogo wanahitaji vitamini B3 nyingi kuliko vifaranga wa kuku, na wakipungukiwa miguu hupinda na kulegea, kwa hiyo chakula cha kuku pekee hakiwatoshi. Chombo chao kiwe na kina cha kuoshea pua zote mbili bila kumruhusu bata mnyonge kuingia. Akilowa bila mama wa kumpaka mafuta ya manyoya, hupoa haraka kuliko kifaranga wa kuku.